Mwenye Gari la Silinda Nane

Mtwara ya miaka ile ilikuwa na mafundi magari wengi kuliko magari yenyewe. Lakini ukisema "Fundi" peke yake, bila jina wala mtaa, mkubwa kwa mdogo alijua unamsema nani. Mimi nilikuwa na cheti cha ufundi nilichokisomea Dar es Salaam miaka mitatu, nimekitia kwenye fremu ya kioo, na watu waliniita kwa jina langu. Yeye hakuwa na karatasi hata moja, na aliitwa Fundi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililotangulia kuniuma, na nikisema kwamba siku hizi haliniumi nitakuwa naongopa.

Alikotoka sitasimulia. Alivuka Ruvuma kuja kwetu kama walivyovuka wengine wengi, na kila aliyevuka alikuwa na habari zake za kusema na za kunyamaza. Yeye alinyamaza. Mimi nilimkuta tayari yumo katika karakana ya umma tuliyofanya kazi pamoja, yeye kibarua, mimi mwajiriwa mwenye ovaroli mpya. Alikuwa mtu mfupi, mpana wa mabega, chale za Kimakonde usoni, na Kiswahili chake hakikuwa na herufi ya "r". Gari kwake lilikuwa "gali", rejeta ilikuwa "lejeta". Vijana wa mjini walimwigiza, naye akacheka pamoja nao. Halafu magari yao yalipowazimikia, walikwenda kumwita kwa adabu.

Alikuwa na desturi ya kutafuna muhogo mbichi anapofikiri. Akiletewa mgonjwa, yaani gari, hakukimbilia kufungua boneti. Aliketi kwenye debe, akamenya muhogo wake, akatafuna huku analitazama gari kama mtu anayemtazama mgeni asiyemjua. Sisi wengine tulishaingia na spana. Yeye bado anatafuna. Kisha anainuka, anagusa kitu kimoja, na gari linawaka.

"Ulijuaje?" nilimuuliza mara ya kwanza.

"Angalia," alisema.

"Naangalia. Sioni."

"Basi bado hujaangalia."

Hilo ndilo darasa lake lote. Hakuwa na choyo ya vifaa, angekuazima hata spana aliyokuwa ameishika, lakini maneno ya kufundisha hakuwa nayo. Na mimi, niliyefundishwa kwa ubao na chaki, nilihisi kama mtu aliyefungiwa mlango wa nyumba ambayo wenzake wanaingia na kutoka.

Wivu wangu ulikuwa na njia nyingi za kuingilia. Mke wangu, Somoe, alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikuwa imeanza kuruka nyuzi. Nilimwambia nitaitengeneza Ijumaa. Ijumaa ikapita. Nikaifungua, nikaifunga, ikazidi kuruka. Wiki iliyofuata nilirudi kutoka kazini nikaikuta inakwenda kama maji.

"Nani ameitengeneza?" niliuliza.

"Nimeipeleka kwa Fundi."

"Na mimi ni nani?"

Somoe aliinua uso akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Wewe ni mume wangu," alisema, na akaendelea kushona.

Nilikwenda kunawa mikono. Lakini usidhani nililisahau. Kesho yake nilipokutana na Fundi karakana nilimsubiri aseme kitu, ajisifu kidogo tu, ili nipate sababu ya kumchukia kwa haki. Hakusema. Baadaye nikajua kwamba hakukumbuka hata cherehani ilikuwa ya nani. Kwake ilikuwa cherehani tu.

Asije mtu akadhani namchora malaika. Alikuwa na mdomo mchafu. Akimkuta dereva ameendesha gari bila oili alimtukana mama yake na mama wa mama yake, hata kama dereva huyo ni mtu mzima mwenye kanzu. Msimu wa mabibo alikunywa uraka, pombe ya mabibo hayo, mpaka akalala kwenye ukuta wa jirani, na jirani akamgongea mlango mke wa Fundi aje amchukue. Hakupenda kusalimia asubuhi. Na kitu cha ajabu kupita vyote: mtu huyu aliyeyajua magari kuliko sisi sote alikwenda kwa miguu. Kutoka kwake Magomeni hadi karakana, kwenda na kurudi, mvua na jua. Nilimuuliza sababu. Alisema, "Gali ukilipanda kila siku, hulisikii tena." Sikuelewa. Niliona ni majivuno.

Na alikuwa na gari. Ndilo lililotufikisha hapa.

Lilikuwa gari la Kimarekani, milango miwili, refu kama jahazi, usukani kushoto, rangi ya damu ya mzee. Meneja mmoja wa shamba la mkonge alikuja nalo, na alipofunga safari ya kurudi kwao akaliacha kwa sababu halikuwaka na hapakuwa na mtu wa kulinunua. Mchwa walikuwa wameshakula viti. Fundi aliomba apewe, akapewa, akalisukuma na wenzake hadi uani kwake. Ilimchukua msimu mzima wa masika. Vipuri vyake havikuwepo Mtwara wala Dar es Salaam. Gasketi alizikata mwenyewe kwa mkasi, ringi akaziazima kwenye trekta bovu akazisugua zikakaa. Siku alipoliwasha, watu wa Magomeni walitoka nje wakidhani ni ndege. Silinda nane. Mimi nilikuwa nimeziona vitabuni tu.

Nilikwenda kulitazama. Nilijiambia nakwenda kumpongeza. Nilipofika nikaona watoto wa mtaa mzima wameliegemea, Fundi ameketi kwenye debe lake anatafuna, na boneti iko wazi. Injini ilikuwa safi kama sahani ya kulia. Nikatafuta kasoro. Nilitafuta kwa bidii, kama mtu aliyedondosha pete mchangani. Sikuiona, nikaenda zangu bila kuaga.

Miaka ile, kila kiangazi kabla korosho hazijaanza kuanguka, wenye magari wa mjini walifanya mashindano. Hayakuwa mashindano ya wataalamu. Walikuwa wafanyabiashara, makarani, mafundi, kila mtu na gari lake la kila siku. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mnunuzi wa korosho, Mhindi mmoja mwenye miwani minene, mtu wa haki sana, aliyependa kanuni kuliko magari. Mbio zilianzia uwanja wa Magomeni, zikapita Naliendele, zikashuka kwenye barabara ya mchanga na vumbi jekundu hadi Mahurunga, karibu na mto Ruvuma, wakazunguka pipa lililosimamishwa pale, wakarudi. Kulikuwa na vita ng'ambo ya mto, kwa hiyo hakuna aliyeruhusiwa kupita pipa.

Mimi nilikuwa na saluni ndogo ya Kiingereza ya silinda nne. Nilikuwa nimeichonga, nikaiwekea kabureta mbili, na kwenye lami hakuna aliyenikuta. Mwaka wa kwanza Fundi aliposhiriki na gari lake, niliondoka mbele ya wote. Hadi Naliendele sikumwona mtu kwenye kioo. Baada ya Naliendele mchanga ukaanza, jua likapanda, sindano ya joto ikapanda nayo, na kabla sijalifikia pipa gasketi ikapasuka. Nikatoka nikasimama kando ya barabara, mvuke unanipiga usoni. Wakanipita wawili watatu. Halafu akapita yeye, taratibu, kiwiko dirishani. Njiani nilikuwa mimi peke yangu na gari lililokufa. Kule mwisho magari yaliyokufa yalikuwa nusu ya yote. Fundi alishinda bila kumpita mtu kwa mbio. Yalimpisha kwa kufa.

"Injini haina halaka," aliwaambia watu waliombeba juu. "Mwenye halaka ni wewe."

Wiki hiyo nilikwenda kwa Mwenyekiti. Nilivaa shati la mikono mirefu. Nilimweleza kwamba mashindano yetu ni ya watu wa kawaida, na si haki gari la silinda nane kushindana na magari ya silinda nne. Kesho mwingine ataleta lori. Mwenyekiti aliona mantiki. Akaniomba niandike kanuni, kwa kuwa nina mwandiko mzuri na elimu ya mambo hayo. Niliandika: "Gari lolote la mashindano lisiendeshwe kwa zaidi ya silinda nne." Niliitazama sentensi ile kama mtu anavyotazama ukuta aliojenga mwenyewe.

Fundi aliletewa karatasi karakana. Kusoma alijua, lakini polepole, akanipa mimi.

"Nisomee."

Nikamsomea.

"Tena."

Nikamsomea tena, kwa sauti. Nakiri kwamba nilipendezwa.

"Inasema lisiendeshwe. Haisemi lisiwe nazo."

"Ni yale yale," nilisema.

Alimenya muhogo.

Siku ya mashindano mwaka uliofuata alikuja na gari lile lile. Kamati ikamzuia. Akafungua boneti, akavua vifuniko vya vali, akamwita Mwenyekiti atazame. Kati ya silinda nane alikuwa ameng'oa fimbo za kusukumia vali kwenye nne, vali zikabaki zimefunga, mafuta hayaingii, moshi hautoki. Na hakuchagua nne zozote. Alizichagua kufuata mpangilio wa kuwaka, moja inafanya kazi, inayofuata imelala, ili injini isitikisike. Fimbo alizozitoa alikuwa amezifunga kwenye gazeti, akazikabidhi mezani.

"Naendesha kwa silinda nne," alisema. "Hesabuni."

Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akahesabu. Kisha akacheka, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Akamruhusu.

Ndugu msomaji, kama umewahi kuona wivu unavyopanda mwilini, unajua hauanzii moyoni. Unaanzia miguuni. Nilisimama pale miguu yangu ikiwa baridi kwenye jua la saa tatu, kwa sababu nilielewa. Watu wengine waliona ujanja. Mimi peke yangu, kwa elimu yangu, niliona uzuri wa kazi ile, jinsi alivyofikiri, na nikajua kwamba mimi nisingeliwaza hilo hata kwa miaka kumi. Elimu yangu ilikuwa imenifikisha mahali pa kuweza kumwonea wivu kikamilifu.

Mwaka ule hakushinda. Gari zito kama lile kwa nusu ya nguvu zake lilijikokota. Lakini lilifika, la pili. Langu lilifika likiwa linanoki, injini inagonga, la tano.

Nikarudi kwa Mwenyekiti. Safari hii nilisema watu wanafungua injini njiani, wanabadilisha hiki na kile, na wengine huenda wanarudisha fimbo walizozitoa. Sikutaja jina. Nikapendekeza boneti zote zifungwe kwa waya na lakiri, muhuri wa madini ya risasi, kabla ya kuanza; atakayefika lakiri imekatika, ametoka. Mwenyekiti akasema ni wazo la mtu muungwana.

Kanuni ile ilimkuta nani? Ilinikuta mimi, mwaka uliofuata. Baada ya Naliendele, kwenye kile kilima cha mchanga, gari langu likachemsha. Kwa desturi ningefungua boneti, nikaliacha lipoe, nikatia maji. Sasa boneti imefungwa kwa kanuni niliyoiandika kwa mkono wangu. Nilizunguka gari kama kuku anayetafuta pa kutagia. Fundi akaja na gari lake likichechemea kwa silinda nne. Akasimama.

Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba alisimama. Wengine walipiga honi wakapita.

Aliteremka na debe la maji. "Fungua," alisema.

"Nikifungua nimetoka."

"Utakuwa umetoka, na injini unayo. Shelia ni ya kamati, ndugu yangu. Injini ni yako."

"Nenda zako," nilimwambia. "Unapoteza muda."

"Pistoni zitang'ang'ania."

"Nimesema nenda."

Alinitazama kidogo, akaliweka debe la maji chini karibu na gurudumu langu, akaondoka. Nikawasha gari kwa hasira. Sikufika mbali. Sauti ya injini inayokufa kwa ukavu ni kama ya mtu anayetafuna kokoto. Pistoni ziling'ang'ania, fimbo moja ikatoboa ubavu wa injini, na saluni yangu ya kabureta mbili ikawa banda la kuku. Sisemi kwa mfano. Somoe alifugia kuku humo.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Mwaka uliofuata sikuwa na gari. Mwenyekiti akaniita akasema, "Wewe una cheti, na sasa huna gari. Hutampendelea mtu. Kuwa mkaguzi." Kazi ya mkaguzi ilikuwa kukagua injini asubuhi, kufunga lakiri, na kuzitazama tena lakiri magari yanaporudi. Mwaka huo huo mkuu wa karakana yetu alikuwa anastaafu. Meneja wetu alikuwa akitafuta wa kumrithi. Kwa karatasi nilikuwa mimi. Lakini Meneja alikuwa mtu wa vitendo, na nilimsikia mwenyewe akimwambia karani, "Yule kibarua ndiye anayeiendesha karakana hii. Nitamwombea kibali. Nataka tu nimwone Jumapili mbele za watu." Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya mashindano.

Sikulala vizuri wiki hiyo, na asubuhi ya Jumapili nilitia koleo ndogo mfukoni. Sikujiambia ni ya nini. Mikono yangu ilijua.

Fundi alileta gari lake kwenye ukaguzi. Kanuni ilinitaka nivue vifuniko vya vali nihesabu fimbo. Sikuvua. Nilimwambia afungue boneti, nikatazama juu juu, nikamwambia afunge. Kwa nini nijisumbue kukagua, na hukumu ninayo mfukoni? Nikafunga waya, nikabana lakiri. Alisimama karibu yangu akanitazama usoni, nami nikatazama waya.

Wakaondoka. Tukangoja. Meneja alikuwa amevaa shati jeupe, ameketi na Mwenyekiti kwenye viti vya kukunja. Fundi akaja wa kwanza, mapema mno, wengine hawajaonekana hata vumbi. Watu wakakimbilia barabarani wakishangilia. Alizima gari papo hapo alipovuka mstari. Nikaenda mbele ya boneti, nikainama, nikawapa watu mgongo. Waya ulikuwa mzima kama nilivyoufunga. Nikautia koleo, ukatoa kelele ndogo ya kukatika, nikarudisha koleo mfukoni. Nikainuka nikasema, "Lakiri imekatika."

Kelele zikaisha. Mwenyekiti akaja, akainama, akaona ncha mbili za waya.

"Fundi," alisema kwa huzuni, "una la kusema?"

Alikuwa bado ameketi nyuma ya usukani, vumbi limemjaa mpaka kope. Alinitazama mimi, si Mwenyekiti. Alinitazama kwa muda ambao sijaupima mpaka leo.

"Sina," alisema. "Mkaguzi ameona alichoona."

Meneja akainuka akaondoka. Kesho yake aliniita ofisini. "Siwezi kumweka mtu asiyefuata kanuni," alisema. "Hongera."

Nilikuwa mkuu wa karakana. Ofisi yangu ilikuwa na meza, feni, na dirisha lililotazama uani, na uani alikuwepo yeye, kwenye debe lake. Hakubadilika. Hakuninunia. Alinisalimia hata asubuhi, jambo ambalo zamani hakuwa akilifanya, na kila salamu yake niliipokea kama kofi. Nilidhani ananitesa kwa makusudi. Magari magumu yalipoletwa watu walinipita mlangoni kwangu wakaenda kwake, na yeye akawaambia, "Mwulizeni mkuu kwanza." Nilimchukia kwa hilo kuliko kwa lolote alilowahi kunifanyia. Na hakuwahi kunifanyia lolote.

Mashindano hayakurudi. Mafuta yaliadimika, ikatoka amri ya kukataza kuendesha magari Jumapili, na kamati ikafa kimya kimya. Gari lake kubwa lilisimama uani Magomeni. Akaanza kulipunguza kidogo kidogo, leo kioo cha taa kimemfaa huyu, kesho springi zimemfaa yule. Kisha ng'ambo ya mto wakapata uhuru wao, na watu wakaanza kurudi. Siku moja debe lake lilikuwa tupu. Karani akasema Fundi ameaga, ameondoka na mkewe kwenda Mahurunga kungoja chombo cha kuvuka.

Nilichukua gari la karakana nikamfuata. Njia nzima nilikuwa nakariri maneno. Nilikuwa nimeamua kusema. Si kwa sababu nilikuwa nimekuwa mtu mwema, nilikuwa nimechoka. Nilitaka anitukane, mdomo wake ule ule wa wale madereva, ili tuwe sawa, ili kuwe na siku moja ambayo mimi si mdogo mbele yake.

Nilimkuta ukingoni mwa Ruvuma, adhuhuri, ameketi juu ya sanduku la vifaa vyake. Mkewe alikuwa anafunga magodoro. Mitumbwi ilikuwa inapishana, watu wanavuka na mbuzi na mabati. Aliponiona aliinuka upesi, akanipa kifundo cha mkono kwa sababu viganja vyake vilikuwa na matope.

"Umekuja," alisema, akamshukuru Mungu kwa Kimakonde. "Nnungu mkubwa. Nilikuwa nasema, nitaondoka sijakwambia."

"Nina neno," nilimwambia.

"Ngoja. Mimi kwanza, mimi ndiye ninayeondoka." Alinivuta pembeni, mkewe asisikie. "Siku ile ya lakiri."

Nikatazama matope miguuni mwangu.

"Zilikuwemo zote nane," alisema.

"Zipi?"

"Fimbo. Niliziludisha zote Jumamosi mchana. Miaka inakwenda, ninaendesha nusu gali. Nikasema mala moja tu, lipumue lote, nilisikie. Nikasema mkaguzi akivua vifuniko, basi, nitakili. Hukuvua. Nikaona haya, lakini nikaenda. Loo, lilikwenda! Hata mchanga halikuuona." Aliangalia mto, macho yanang'aa. Kisha akashusha sauti. "Nilipofika nikakuona umesimama. Nikazima halaka. Lakini kuzima kungenisaidia nini, lilikuwa limeshanguluma mbele yako. Nikasema nimekwisha. Mwizi, mbele ya mji mzima, na mimi sina kwetu."

Nikataka kusema. Akanishika mkono.

"Nilikuona ukikata waya. Nilikuwa nimeketi juu, wengine uliwapa mgongo, mimi nilikuona. Nikasema, mtu huyu! Amesikia, anajua, anaweza kunimaliza. Kisha anakata waya, ili watu waseme waya tu, mawe ya njiani, bahati mbaya. Umenitoa mashindanoni kwa haki, na umenisitili." Alinitikisa mkono. "Sikujua nikushukulu vipi. Kila asubuhi nilikusalimia, maneno hayakuja."

Mkewe alimwita, mtumbwi wao ulikuwa umefika. Nilisimama pale na maneno yangu yote niliyoyakariri. Nilikuwa pale mstarini siku ile, hatua nne kutoka kwenye gari, mtu mwenye cheti. Nakumbuka vumbi, nakumbuka shati la Meneja, nakumbuka uzito wa koleo kwenye paja langu. Injini ya silinda nane ilinguruma mbele ya uso wangu, na sikusikia kitu.

Alijitwisha sanduku begani, akaingia majini mpaka magotini. Akageuka.

"Ulizihesabu zote kwa sikio?" aliuliza, na uso wake ulikuwa na tumaini kama la mtu anayemwulizia mwanawe habari njema. "Zilikuwa sawa? Hakuna iliyokosa?"

"Zote nane," nilisema. "Hakuna iliyokosa."

Akacheka kwa furaha, akapanda mtumbwini.